Zipu ya Mguuni

Kosa langu lilianzia kwenye simu, na lilizaliwa na majivuno. Baba alikuwa ameniuliza swali lake la kila Jumapili baada ya misa: "Sasa mama, huko kazini kwenu hasa mnafanya nini?" Siku zote nilimjibu kwamba tunachunguza damu, naye aliridhika, kwa sababu damu ni kitu cha kueleweka. Siku hiyo nikataka kumfurahisha. Nikamwambia tunatengeneza nyama ya kudunga kwa sindano. Unachukua chembe hai za mishipa ya damu, unazichanganya na jeli ambayo ikiwa baridi ni majimaji na ikipata joto la mwili inaganda, unavuta kwenye bomba la sindano, unadunga mahali damu isipofika, na baada ya siku kadhaa pale ndani mishipa mipya inaota. Nilisema "inaota" kama mkulima wa mahindi. Neno panya sikulitaja.

Baba akauliza, "Inaota kabisa, damu inapita?"

"Inapita, baba."

"Basi Mungu mkubwa," akasema, akampa dada simu.

Nilikuwa jikoni kwangu, katika mji wa mbali ambao siutaji kwa sababu hauhusiki na lolote, nikingoja maji ya chai yachemke, na kwa saa nzima nilijiona mtu wa maana. Sikujua kwamba wakati ananiuliza, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji chini ya soksi. Kwetu mtoto aliye mbali haambiwi ugonjwa. Anaambiwa mahindi yamevunwa, padre amehamishwa, mbuzi amezaa pacha. Ugonjwa anaambiwa ukishapona, au anausikia kwa mtu mwingine wakati wenzake wanachimba kaburi.

Baba ni fundi cherehani. Tangu nipate akili namjua amekaa kwenye baraza ya nyumba yetu mtaa wa Lizaboni, Songea, mguu wa kulia juu ya pedeli, akishona sare za shule, suruali za wazee na kanzu za wanakwaya. Sauti ya ile pedeli ndiyo iliyotulea. Ikinyamaza tulijua kuna mteja, au uzi umekatika, au mmoja wetu amefanya kosa na anaitwa. Sukari alikutwa nayo nikiwa sekondari, na hakuipa heshima yoyote. Alimeza vidonge siku alizokumbuka, na siku alizosahau alisema mwili nao unahitaji kupumzika na dawa.

Miezi minne baada ya ile simu, dada alinipigia siku ya kazi, na hapo hapo nikajua. Dada yangu ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyebaki na baba tangu mama afariki, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Alisema daktari anataka kukata mguu wa baba na baba amekataa.

"Amekataa kwa sababu gani?"

"Anasema anasubiri sindano yako."

"Sindano gani?"

"Si ile uliyomwambia? Lizaboni nzima inaijua."

Niliomba likizo siku ile ile. Njia nzima sikuweza kusoma wala kulala, nilikuwa nikifunga na kufungua mkanda wa kiti mpaka jirani yangu akahama. Nilikuwa nimekasirika, na kwa ukweli nilimkasirikia yeye: mtu mzima, mwenye akili zake, anaachaje mguu uoze kwa maneno ya kwenye simu? Nilipofika Songea ilikuwa Julai, ukungu umekaa juu ya milima ya Matogoro hauna haraka, na baridi ile ambayo watu wa pwani hawaamini kwamba ni ya Tanzania.

Nilimkuta barazani, amevaa suruali mpya ya bluu na sweta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umechelewa kidogo, lakini umefika." Kisha, hata sijaweka begi chini, akasema, "Hebu angalia hapa."

Kwenye mshono wa nje wa mguu wa kulia, kuanzia pindo mpaka juu ya goti, alikuwa ametia zipu. Zipu ya shaba, nzito, ameifumua kwenye jaketi kuukuu. Alikishika kile kishikizo chake akaivuta juu taratibu, suruali ikafunguka, mguu ukawa nje.

"Nilifikiri, kwa nini nivuliwe nguo mbele ya binti yangu," alisema. "Unafungua, unachoma, unafunga. Nakaa na heshima yangu."

Mshono ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari. Alikuwa ameushona kwa mguu huo huo. Nikapiga magoti nikautazama, na kwa kweli sikuhitaji daktari. Ngozi ilikuwa inang'aa, haina unyoya hata mmoja, kidole gumba kimekauka na kuwa cheusi, na chini ya unyayo kuna kidonda ambacho dada alikuwa amekifunga vizuri kwa shashi. Niliushika. Ulikuwa wa baridi kama sufuria iliyolala nje. Maabara tuna kamera ya leza inayoonyesha miguu ya panya, nyekundu palipo na damu na bluu pasipo na damu. Pale barazani niliona bluu kwa vidole vyangu.

"Mzigo uko wapi?" aliuliza.

Nilisema tutaongea, kwanza nipumzike. Akatikisa kichwa kama mtu anayejua mambo. "Kweli. Dawa ya baridi lazima itulie kwanza baada ya safari." Uongo alinishonea mwenyewe, mimi nikauvaa.

Dada alileta chai na mihogo ya kuchemsha. Ya kwake aliinywa bila sukari, nikamtania kwamba amekuwa mzungu. Akasema amezoea tu.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi, amechoka, na alifurahi kupata mtu wa kuongea naye lugha moja. Alinieleza kwamba mishipa mikubwa iliyoziba mara nyingine inaweza kuungwa kwa kupitisha njia ya pembeni, lakini kwa baba hata ile midogo ya chini imeziba, kwa hiyo hakuna pa kuungia. Alitaka kukata chini ya goti. Akichelewa, itakuwa juu ya goti. Akichelewa zaidi, hakumalizia.

"Jumatatu nina nafasi ya upasuaji," alisema. "Nimeshamwambia mara tatu. Kila nikimwambia ananijibu kwamba binti yake ni daktari wa mishipa. Sasa niambie, mna kitu?"

"Tuna panya," nikasema.

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akasema basi kazi ya kumwambia ni yangu.

Nilitoka pale na miguu yangu haikutaka kwenda nyumbani. Niliipeleka mtaa wa Msamala, nikapita kwenye maduka bila kununua kitu, nikarudi, nikafika karibu na nyumba, nikageuka. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba baba yangu ndiye mgonjwa wetu. Katika kila andiko tunaloandika, ukurasa wa kwanza unamtaja yeye bila kumjua: mtu ambaye mishipa yake mikubwa na midogo imeziba, ambaye daktari hana cha kuunga, ambaye kimebaki kisu. Kwa ajili yake ndiyo tunaomba fedha za utafiti. Nimemwandika miaka sita, na siku nimemkuta amekaa kwenye kiti amevaa suruali yenye zipu, nilikuwa sina cha kumpa.

Maana kitu chetu bado ni kitoto. Tunachukua panya, tunafunga mshipa wa paja lake, mguu unakuwa bluu, kisha tunadunga. Ndani ya ile jeli chembe zinajipanga zenyewe, zinashikana mikono na kuwa vijibomba vyembamba kuliko unywele. Hapo ni vizuri kabisa, ukiona kwa hadubini unaweza kulia. Tatizo ni kwamba bomba lisilounganishwa na kitu halina maji. Vijibomba vyetu lazima vikutane na mishipa ya mwenye mwili, viungane nayo haraka kabla havijafa, na visivuje. Kwa panya wengine vinaungana na mguu unarudi kuwa mwekundu. Kwa wengine tunakuta kidonge cha jeli kimekaa peke yake kama mgeni ambaye hakukaribishwa. Na kwa nini hawa na si wale, hatujui.

Nilipofika nyumbani, saa tisa mchana, baba alitaka aelezwe kazi yenyewe, fundi kwa fundi. Nikamweleza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Kwa hiyo ni kiraka," alisema.

"Kama kiraka."

"Kiraka chenye nyuzi zake. Ila hakuna wa kushona. Unakiweka juu ya tundu, nyuzi zenyewe zinatafuta nyuzi za nguo." Akafumbua macho. "Zinajuaje pa kuungana?"

Nimekaa kwenye mikutano na maprofesa wa nchi tano, na hakuna aliyeliweka swali lile kwa maneno machache namna ile. Nikamwambia ndicho tunachokitafuta.

"Mtakipata," alisema, akagonga goti lake kwa furaha. Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake niliinuka nikaenda kumsaidia dada kupukuchua mahindi, nikapukuchua kwa hasira mpaka dole gumba likatoka lengelenge.

"Umemwambia?" dada aliuliza bila kuniangalia.

"Kesho."

"Mguu hausubiri kesho yako."

Nilimjibu vibaya. Nilisema kama wangeniambia ugonjwa mapema yote haya yasingekuwepo, kwamba wao ndio mabingwa wa kuficha, na nikamtupia ile methali ambayo baba mwenyewe alitufundisha tukiwa wadogo, mficha maradhi kifo humuumbua. Dada aliacha kupukuchua. Alinitazama kwa muda, akataka kusema kitu, akaacha, akachukua ungo akaingia ndani.

Jumamosi saa kumi jioni jumuiya yetu ya kanisa ilikuja kusali kwetu. Walijaa sebuleni, wengine kwenye mkeka, wamama wenye vitenge mabegani na wazee wenye makoti, watu ambao wamenijua tangu sina meno. Baba alikaa katikati na suruali yake. Baada ya rozari kiongozi wa jumuiya, mama mmoja wa mtaa wa nyuma ambaye baba alimshonea nguo ya harusi, alisali kwa maneno yake mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa mtoto wetu aliyesoma, ambaye hakutusahau, ambaye amesafiri na dawa ili mzee wetu arudi kwenye cherehani. Aliomba mkono wangu usitetemeke nitakapochoma.

Wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Walipoondoka, baada ya kunishika mikono mmoja mmoja, nilibaki na mwili ambao haujui ufanye nini. Nilikusanya vikombe. Nikafagia pasipo na takataka. Baba alikuwa amejikunyata na sweta lake, anasema miguu inamsumbua kwa baridi, na hapo nikapata kazi. Nikaweka maji jikoni.

Kwetu mguu wenye baridi unakandwa. Umeteguka, umevimba, umetoka shambani na umande, dawa ni beseni la maji ya moto, chumvi na kitambaa. Mama alitukanda, bibi alimkanda mama. Na namna ya kupima maji ni moja: unamuuliza anayekandwa. Akisema yanachoma unaongeza baridi, akinyamaza unaendelea. Mimi kazini sigusi chupa bila kipimajoto. Jeli yetu ikizidi nusu digrii naitupa. Lakini sebuleni kwa baba nilikuwa mtoto wa mama yangu. Niliweka beseni chini, nikafungua ile zipu, nikamvua soksi, nikafunga nailoni juu ya shashi ili kidonda kisilowe, nikatia mguu. Vidole vyangu vyenyewe vilikuwa vimekufa ganzi kwa kuosha vikombe na maji ya bomba.

"Yanachoma, baba?"

"Yako sawa, mama."

"Niongeze?"

"Ongeza kidogo."

Nikaongeza. Nikakanda kifundo, nikakanda kisigino, nikabadilisha maji, nikakanda tena. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilihisi nafanya kitu. Alilala akisema amepata nafuu.

Asubuhi ya Jumapili dada aliniita kabla ya misa. Alikuwa amefungua zipu. Juu ya mguu, kutoka vidoleni mpaka kifundoni, ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge makubwa ya njano, na mengine yamepasuka. Baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anayatazama kwa udadisi, kama anatazama kazi ya fundi mwingine. Hakuwa anasikia maumivu yoyote.

Ndipo nikasema. Nilisimama mlangoni, maana kukaa sikuweza, nikayamwaga yote. Kwamba sindano haipo. Kwamba sikuileta, na hata ningetaka nisingeweza kuileta, kwa sababu bado hakuna binadamu aliyedungwa kitu chetu, ni panya tu. Kwamba nilijua hivyo siku ile ya simu. Kwamba mguu lazima ukatwe kesho. Na kwamba haya malengelenge ni mimi, nimemuunguza baba yangu kwa mikono yangu kama mtoto asiyejua kitu.

Kengele ya misa ya pili ikalia.

"Kwa hiyo umekuja mikono mitupu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na hao panya, wanapona?"

"Wengine."

"Na ambao hawaponi, unawaambia, au nao unawaficha?"

Dada alianza kulia, nami pia. Baba akavuta zipu chini, taratibu, akifunika mguu.

"Kuhusu maji," alisema, "usijitie wazimu. Uliniuliza, nikakujibu. Mimi mguu huu sisikii kitu tangu Pasaka."

"Sasa kwa nini ulisema yako sawa?"

"Ningekwambia sisikii, ungejua mguu umekufa. Ungeona hakuna haja ya kupoteza dawa yako." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Nilikuwa nailinda sindano."

Jumatatu tulimpeleka. Alivaa suruali ile ile. Kabla hajaingizwa aliniita karibu akaniambia kwamba mguu huo, kama una kazi nao, nichukue, nikajifunzie. "Si mlisema hamjafika kwa watu? Huu ni wa mtu." Nilimwambia haiwezekani, kuna sheria na vibali. Alionekana kusikitika kuliko alivyosikitika kuhusu kukatwa kwenyewe.

Daktari alikata juu ya goti. Alitoka akanieleza kwamba alipofungua chini ya goti nyama haikutoa damu. Nilimuuliza kama ni maji yangu ya moto, nikamuuliza mara mbili, nikitaka aseme ndiyo. Alisema hapana. Maji yameharibu ngozi tu, na ngozi ile ilikuwa inakwenda kwa vyovyote. "Ni kusubiri," alisema. "Miezi minne iliyopita ingekuwa kidole. Hata mwezi uliopita ningeokoa goti."

Akaenda kunawa. Mimi nilibaki kwenye korido nikihesabu miezi, ingawa hesabu nilikuwa naijua. Miezi minne iliyopita ni ile Jumapili, maji ya chai, na neno inaota. Niliposema maji ndiyo yamemuumiza nilikuwa bado najitafutia kosa dogo.

Kaka yangu, anayelima Matogoro, alikuja kuchukua mguu. Tuliuzika shambani kwake, kwenye mabua ya mahindi, chini ya kilima. Hatukujua ni sala gani inasaliwa mguu. Kaka alisema tusali Baba Yetu, inafaa kila mahali, tukasali, akafukia, akaweka jiwe ili jembe lisije likasahau.

Nilikaa wiki tano. Sikumbuki kukaa kwenyewe. Nakumbuka kuzunguka: dawa, bandeji, magongo, mwenyekiti wa mtaa, watu wa jumuiya ambao niliwafuata nyumba kwa nyumba na kuwaeleza ukweli, nao wakanipokea kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Mama kiongozi alisema basi tutaendelea kuomba, Mungu hana kalenda.

Wiki ya mwisho niliamka na ile sauti. Pedeli. Inakwenda, inasita, inarudi nyuma, inakwenda. Baba alikuwa amesogeza kiti na kuweka mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto haukuwa na ujuzi. Uzi ulikatika mara nyingi. Nilisimama dirishani sikutoka. Nilimwona ana ile suruali ya bluu mezani, mguu wa kulia umeshakatwa na kupindwa, na kipande kilichobaki anakifumua zipu, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe.

Siku ya safari alinipa mfuko mdogo wa kitambaa cha bluu, unaotosha bomba la sindano na si zaidi, wenye zipu ya shaba ambayo ni ndefu kuliko inavyohitajika, imekunjwa na kuzunguka pande tatu. Mshono ulikuwa umepinda. Hajawahi kutoa kazi iliyopinda nyumbani kwake.

"Siku nyuzi zenu zikijua pa kuungana," alisema, "sindano utaibeba humu."

Nikamwambia baba, huenda ikachukua miaka, huenda isije kabisa. Nilisema maneno yote ambayo nilipaswa kuyasema mwanzo.

"Najua. Na si ya kwangu mimi. Nguo yangu imeshakatwa." Aligeuka akaangalia kama dada yuko karibu. Alikuwa uani anafunga begi langu. "Ni ya dada yako. Amekutwa na sukari kabla ya Pasaka. Amenikataza nisikwambie, asije akakuhangaisha."

Ile chai isiyo na sukari. Ule ungo aliouchukua akaingia ndani, na neno alilotaka kulisema akalimeza, siku nilipomtupia methali. Nilitaka kumfuata uani nimgombeze, nikajikuta nimemshika tu, naye akaniuliza nina nini, nikasema baridi.

Mfuko uko kwenye meza yangu ya maabara, karibu na kipimajoto. Wenzangu hudhani naweka kalamu. Hauna kitu. Kuna siku mguu wa panya unarudi mwekundu nikasimama nikazunguka meza mara tatu, na kuna siku tunakuta jeli imekaa peke yake nikatupa glovu kwa hasira. Jumapili napiga simu. Baba anauliza nyuzi, nasema bado, anasema haya. Kisha anampa dada, na mimi sina tena salamu ndefu.

"Jana umenawa miguu?"

"Nimenawa."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya uvuguvugu."

"Uliyasikia?"

"Nimeyasikia, mdogo wangu," anajibu dada, kwa haraka, kabla sijamaliza kuuliza.